UZI: Kitenzi "kudurusu": ni kusoma, ni kurudia, au ni kurekebisha?

Msahihishaji

Waheshimiwa wanajukwaa, naomba tulijadili neno moja ambalo limetugawa ofisini kwetu kwa muda wa wiki nzima.

Ulibandikwa ubaoni waraka wa mistari miwili ukiwaagiza wafanyakazi wote "kudurusu kanuni mpya za utumishi kabla ya Ijumaa". Ijumaa ilipofika tukajikuta tumeelewa mambo matatu tofauti. Wengi wetu tulizisoma mara moja tukatia saini. Mwenzetu wa masjala alikuwa amezishika hata kwa namba za vifungu, kwa sababu alidhani kutakuwa na mtihani. Mhasibu naye alikuja na nakala iliyojaa wino mwekundu, amefuta vifungu viwili na kupendekeza kimoja kipya, kwa kuwa alielewa kwamba tumeombwa kuzirekebisha. Aliyeandika waraka alipoulizwa alisema hakukusudia lolote kati ya hayo mawili ya mwisho. Alitaka watu wasome tu, na neno "durusu" alilichagua kwa sababu lilikuwa na heshima zaidi kuliko "someni".

Kwa kuwa kazi yangu ni kusahihisha miswada, niliombwa niamue nani ameelewa sawasawa. Nikiri kwamba sikuweza kujibu papo hapo, na jambo lililonikwamisha ni neno dogo lililofuata: "mpya". Mtu anawezaje kudurusu kitu ambacho hajawahi kukisoma?

Asili ya neno tunaijua. Ni mzizi wa Kiarabu wa herufi tatu, dal, ra na sin, ambao umetupatia pia darasa, darsa, madrasa na mudarisi. Kwa hiyo mtu anayesema kwamba kudurusu ni kusoma na kujifunza tu, bila shurti ya kuwa ulikwisha kusoma kabla, ana msingi. Hata hivyo, katika Kiarabu kitenzi hicho hakiishii kwenye vitabu. Hutumika pia kwa kupura nafaka: wanyama wanazungushwa juu ya masuke yaliyotandazwa, wanakanyaga pale pale walipokwisha kukanyaga, mpaka punje zinatoka kwenye makapi. Aliyewahi kukesha kwenye turubai la mpunga anajua kwamba mzunguko wa kwanza hautoi kitu; punje zinaanza kudondoka pale ambapo mtazamaji angedhani kazi imekwisha. Nadhani Kiswahili kilipolichukua neno hili kiliuchukua na mzunguko huo, ndiyo maana wengi wetu tukisikia "durusu" tunasikia kurudi juu ya jambo, wala si kuligusa kwa mara ya kwanza.

Sasa, kurudi huko si sawa na kurudia. Wahenga walisema kwamba kufanya kosa si kosa, kosa ni kurudia kosa. Jaribuni kuliondoa neno "kurudia" mweke "kudurusu", mtaona maana inageuka juu chini: anayerudia kosa analitenda tena, ilhali anayelidurusu kosa lake anakaa nalo, analichunguza lilivyotokea, na huenda ndiye asiyelirudia kamwe. Kurudia ni tendo lile lile kutendeka mara ya pili. Kudurusu ni akili kupita tena juu ya kile ambacho tendo limekwisha kukiacha.

Katika kazi yetu ya vitabu tofauti hii tunaikuta katika ukurasa wa hakimiliki, ambao wasomaji wengi huuruka. Pale huandikwa "chapa" na huandikwa "toleo", na waandishi wachanga huyachanganya. Chapa ya pili ni kurudia: bamba lile lile, makosa yale yale, isipokuwa karatasi ni mpya. Toleo la pili ni tunda la mtu kukaa na kitabu chake upya, akakuta kwamba sura ya nne haikubaliki tena. Mwaka jana mwandishi mmoja aliniletea kazi yenye maneno "toleo la pili lililorudiwa" juu ya jalada, nami nikamwomba anieleze amerudia nini, kwa sababu ndani nilikuta ameongeza kurasa thelathini.

Naomba michango. Swali langu ni hili: je, mhasibu wetu alikosea?

Mwalimu wa Kilifi

Ndugu Msahihishaji, shukrani kwa uzi huu. Nimefundisha Kiswahili katika shule za upili hapa Pwani ya Kenya kwa miaka mingi, na kwetu neno "kudurusu" si la heshima wala la waraka. Ni neno la kila siku. Mtahiniwa wa KCSE, mtihani wetu wa kumaliza shule ya upili, akikwambia anadurusu, anamaanisha kwamba silabasi imekwisha, daftari limejaa, na sasa anarudi nyuma kuyashika yale aliyofunzwa tangu kidato cha kwanza. Hakuna mwanafunzi wangu atakayesema anadurusu somo ambalo hajafundishwa. Kwa kipimo hicho, waraka wenu ulikuwa na kasoro tangu mwanzo, na aliyekuwa karibu zaidi na maana ni yule wa masjala aliyejiandalia mtihani usiokuwapo.

Ila sitaki kumhukumu mhasibu upesi. Huku kwetu neno hili limetoka darasani likaingia ofisini. Utasikia habari kwamba sera fulani inadurusiwa au kwamba mkataba unadurusiwa, na msikilizaji huelewa kuwa huenda ukatoka humo ukiwa na sura nyingine. Sioni ubaya wowote. Lugha ina haki ya kutuma neno lake kazini mahali papya, mradi wasikilizaji wafuate.

Ningependa kuongeza kwamba mpaka wa Lungalunga na Horohoro hubadilisha maneno haya kuliko tunavyodhani. Nilipokutana na mwalimu mwenzangu kutoka Tanga, aliniambia kwamba shuleni kwake kulikuwa na wanafunzi kadhaa waliokariri. Nikampongeza, kwa kuwa kwangu kukariri ni kukitia kifungu moyoni au kukighani shairi mbele za watu. Akashangaa, kwani alikuwa akiniambia kwamba wameshindwa kuvuka darasa na wanalisoma tena mwaka mzima. Vivyo hivyo "kurejelea": magazeti yetu huandika kwamba masomo yatarejelewa Jumatatu, yaani yataendelea baada ya kukatika, nasikia mhariri wa Dar es Salaam akisoma hivyo hutafuta ni kitabu gani kinachorejelewa.

Msahihishaji

Ni kweli kabisa, Mwalimu, na ningekuwa mimi mhariri huyo ningekitafuta hicho kitabu. Kwetu kurejelea ni kumwelekeza msomaji kwenye chanzo, na masomo yaliyokatika "yanaendelea" au "yanaanza tena".

Kuhusu kukariri, huku Bara neno hili limepata hata sifa mbaya. Mwalimu akimwambia mwanafunzi "wewe unakariri", hamsifu. Anamaanisha kwamba ameyameza maneno bila kuyaelewa. Vijana nao wamelipeleka mbele zaidi: "usinikariri" ni onyo kwamba usidhani nitakuwa leo kama ulivyonizoea jana. Na wanafunzi wa Tanzania kwa kawaida hawasemi kwamba wanadurusu. Husema wanapitia notisi, au wanafanya rivisheni, au wanapiga msuli, na yule anayekesha na vitabu kisha akafeli huambiwa ana msuli wa tembo na matokeo ya sisimizi. Utani huo, kwa maoni yangu, unamlenga hasa mtu aliyerudia sana na kudurusu kidogo.

Mwanachuo wa Unguja

Assalaam alaykum. Nimewasoma nyote, na naona neno letu limezungumzwa kama kwamba lilizaliwa shuleni, ilhali lilikuwa chuoni kabla ya shule kuja. Kwa wasio wa huku, chuo ninachokisema ni chuo cha Kurani, cha mkeka na maalim.

Tulipokuwa wadogo siku yetu ya chuo ilikuwa na sehemu mbili. Kwanza ulikwenda mbele ya maalim kuchukua somo jipya. Hilo halikuitwa kudurusu, liliitwa kusoma. Kisha mliketi wawili wawili. Mmoja alishika msahafu, mwengine akasoma kwa ghaibu aya za jana na za juzi, na akikosa hata harakati moja, yaani alama ya irabu, mwenziwe aligonga mkeka kwa kidole bila ya kusema neno, na msomaji akarudi mwanzo wa aya. Kugongwa huko ndiko kulikotufundisha. Ukigongewa mara tatu mahali pamoja ulijua kwamba hapo hujapashika, na usiku hapo ndipo ulipokwenda kulala napo. Hiyo ndiyo durusi yetu. Maneno ya aya hayakuguswa hata kidogo, wala hayaguswi. Aliyebadilika ni msomaji. Kwa hivyo, Mwalimu wangu wa Kilifi, unaponambia kwamba mkataba unadurusiwa ili ubadilike, sikio langu linakataa. Sisemi kwamba umekosea. Nasema kwamba neno nililolelewa nalo lilikuwa na adabu ya kutokigusa kile kinachodurusiwa.

Naomba pia tusiisahau "rejea", kwa kuwa nayo ni neno la kurudi, na watu huitumia ovyo. Anapofariki mtu husema sote kwamba sisi ni wa Mwenyezi Mungu na kwake tutarejea, na hapo kurejea ni kurudi ulikotoka. Maana hiyo hiyo imo katika talaka rejea. Mume aliyetoa talaka hiyo anaweza kumrejea mkewe maadamu yumo edani, yaani katika muda wa kungoja baada ya talaka, na ndoa ni ile ile, haihitaji mahari mengine wala kufungishwa tena. Eda ikishakwisha hakuna tena kurejea. Wakitakana, wataoana upya, kwa posa, mahari na ndoa mpya. Mtu mmoja, mke mmoja, nyumba ile ile, lakini neno limebadilika kwa sababu siku zimepita. Bibi yangu alikuwa akisema wazi mbele ya watu: "Hakumrejea, kamuoa upya," na kila aliyekuwapo alijua eda imemkuta njiani.

Wakili wa Kujitegemea

Ndugu zangu, mfano wa ndugu yetu wa Unguja umenigusa, kwa sababu mahakamani nako neno "upya" lina uzito ambao "tena" haina. Hakimu akisema kwamba shauri litasikilizwa tena mwezi ujao, maana yake ni kwamba tutaendelea pale tulipoachia. Mahakama ya juu ikiamuru kwamba shauri lisikilizwe upya, ushahidi wote uliotolewa unawekwa kando na mashahidi wanaitwa kuanzia wa kwanza. Nimewahi kumwona mteja akitabasamu kwa kusikia "upya" akidhani ni tarehe tu, na sikuwa na moyo wa kumweleza mpaka tulipotoka nje ya chumba.

Vivyo hivyo "marejeo" na "mapitio". Mahakama ya juu kuitisha jalada la mahakama ya chini na kulikagua, na mahakama kuitazama tena hukumu yake yenyewe, ni njia mbili tofauti zenye masharti tofauti. Lakini ukisoma habari za mahakama magazetini utayakuta maneno hayo mawili yakibadilishana nafasi kana kwamba ni pacha.

Mfano ulio mzito zaidi kwetu Watanzania uko katika jina la sheria. Mwaka 2011 Bunge lilitunga sheria ya kuongoza mchakato wa Katiba, na chini yake ikaundwa tume iliyoongozwa na Jaji Joseph Warioba. Kwa Kiingereza jina la sheria hiyo na la tume hiyo linataja kazi ya kuipitia tu Katiba, yaani kuiangalia upya, na halisemi itatoka vipi. Kwa Kiswahili tuliziita Sheria ya Mabadiliko ya Katiba na Tume ya Mabadiliko ya Katiba. Mwananchi aliyekwenda kutoa maoni kwenye mkutano wa kijijini hakualikwa kupitia, alialikwa kubadilisha. Katiba inayopendekezwa ilipitishwa na Bunge Maalumu mwaka 2014, kura ya maoni iliyokuwa imepangwa kufanyika Aprili 2015 ikaahirishwa, na Katiba inayotumika imebaki ile ya 1977. Sisemi kwamba jina ndilo lililosababisha manung'uniko yaliyofuata, ila ni vigumu kumwambia mtu kwamba tulikuwa tunapitia tu ilhali karatasi aliyoshika imeandikwa "mabadiliko".

Kwa upande mwingine wanasheria wa Serikali wamelifufua neno ambalo wengi hawalijui: urekebu. Tunayo sasa Toleo la Urekebu la Mwaka 2023 la Sheria za Tanzania. Marekebisho ya sheria hufanywa na Bunge, nayo hubadilisha kanuni. Urekebu hauibadilishi, unakusanya marekebisho yote yaliyokwisha kupitishwa, unayaingiza mahali pake, unanyoosha namba za vifungu na kusahihisha makosa ya uandishi, ili msomaji asilazimike kushika vitabu kumi kwa mkupuo. Hilo, Ndugu Msahihishaji, ni toleo ambalo si chapa tena lakini si sheria mpya. Sijui ungeliweka wapi katika mgawanyo wako.

Mwalimu wa Kilifi

Wakili msomi, kwa kuwa umegusa tume na kura, niongeze jambo moja dogo kisha ninyamaze. Uchaguzi wa Zanzibar wa Oktoba 2015 ulipofutwa, kura ya tarehe 20 Machi 2016 iliitwa uchaguzi wa marudio. Sisi nasi, Mahakama ya Juu ilipobatilisha uchaguzi wa urais wa 2017, ule wa Oktoba 26 tuliuita wa marudio. Lakini Simba na Yanga, au Gor Mahia na AFC Leopards, zikichezeana nyumbani kwa mmoja kisha kwa mwingine, mechi ya pili ni ya marudiano. Kiambishi kimoja tu kimeongezwa, kile "-an-" cha kutendana, nacho kimebeba kila kitu: kwenye marudiano kila upande una zamu ya kumwendea mwenziwe, na matokeo ya kwanza yanasimama. Kwenye marudio ya kwanza hayapo tena. Wanandoa walioachana na kupatana, nao "hurudiana". Sijawahi kusikia kwamba wamerudia.

Msahihishaji

Nawashukuru nyote, na hasa Mwanachuo, kwa sababu kidole chake kilichogonga mkeka ndicho kilichonifungulia fundo.

Baada ya kuwasoma naona kwamba tulikuwa tukiuliza swali lisilofaa. Tulikuwa tukiuliza ni mara ya ngapi: ya kwanza au ya pili. Nadhani tungeuliza nani anabadilika. Anayedurusu anarudi kwenye jambo ili yeye mwenyewe abadilike. Kitabu kinabaki kama kilivyo. Anayepitia anarudi ili atoe kauli juu ya jambo: limekaa vizuri au halikukaa, na mpaka hapo hakuna kilichobadilika, si yeye wala si kitabu. Anayerekebisha anakigusa kitabu chenyewe. Urekebu wa Wakili ningeuweka mlangoni kati ya kupitia na kurekebisha, kwa kuwa mkono unagusa maandishi lakini hauna ruhusa ya kugusa maana. Ndiyo kazi yangu mwenyewe ya usahihishaji, na sikuwahi kuwa na jina zuri kama hilo la kuiita.

Ndiyo maana naendelea kusita mbele ya "mkataba unadurusiwa", Mwalimu, ingawa nakubali kwamba Kenya neno limekwisha kukaa na wasikilizaji wanalifuata. Hofu yangu ni ya kiutendaji. Ofisi ikitangaza kwamba inadurusu sera, inaweza baadaye kusema kwa ulimi safi kwamba iliahidi kuisoma tu, na mlalamikaji aliyesubiri mabadiliko hana pa kushika. Kwa "itarekebishwa" angekuwa na pa kushika. Hata "itapitiwa" ingempa haki ya kuuliza mmeona nini. Ninapokuta neno hili katika mswada wa namna hiyo humwandikia mwandishi pembeni: "Anayebadilika ni nani?" Mara nyingi jibu humfanya achague kitenzi kingine yeye mwenyewe.

Kuhusu mhasibu: kwa kipimo hiki alikosea, lakini alikosea pamoja na nusu ya Afrika Mashariki, na vifungu vile viwili alivyovifuta vilikuwa vibovu kwelikweli.

Mwanachuo wa Unguja

Na waraka je? Umebakia ukutani vile vile?

Msahihishaji

Umebanduliwa, Maalim. Jumatatu ulibandikwa mwingine: "Someni kanuni za utumishi zilizoambatishwa. Mwenye maoni ayaandike na kuyakabidhi masjala kabla ya Ijumaa." Niliupitia kabla haujachapwa, sikubadilisha kitu. Yule wa masjala ananilaumu kwamba nimemwongezea kazi.